Jamhuri ya De Witt Iliangushwa na Nini?

Tarehe 20 Agosti 1672, mjini The Hague, umati wenye hasira ulimuua Johan de Witt na kaka yake Cornelis, ukaikatakata miili yao. Kwa karibu miaka 20 De Witt ndiye aliyeongoza Holland, jimbo tajiri kuliko yote ya Uholanzi, bila mfalme wala mwanamfalme juu yake, huku jirani yake Louis XIV akitawala Ufaransa bila wa kumhoji.

Watetezi wa utawala wa mtu mmoja wana hoja, na si ya kupuuzwa. Hobbes, mwanafalsafa wa Kiingereza aliyeishuhudia Uingereza ikipigana yenyewe kwa yenyewe, aliandika mwaka 1651 kwamba mamlaka yakigawanywa, dola husambaratika. Mwaka 1672 Louis alipovamia, ngome za Uholanzi zilianguka moja baada ya nyingine, na wananchi wenyewe wakadai mwanamfalme William wa Orange afanywe stadhouder, cheo cha uongozi wa jimbo ambacho ukoo wake uliwahi kukishika.

Lakini wapinzani wa wafalme nao walijifunza kwa kuona. Mwaka 1650 baba yake William, aliyekuwa na cheo hicho, alituma askari kuuteka mji wa Amsterdam, kisa ni ubishi juu ya kupunguza jeshi. Pieter de la Court, mfanyabiashara wa nguo wa Leiden, alishikilia kwamba vita humtukuza mtawala na humfilisi mchuuzi. Nami naona historia ilimuunga mkono kwa sehemu kubwa: jamhuri hiyohiyo inayoitwa dhaifu ilipeleka merikebu zake hadi mto Medway mwaka 1667 na kuchoma meli za kivita za Uingereza. Baharini ilikuwa imara. Jeshi la nchi kavu ndilo lililoachwa lidhoofike, maana wakuu waliogopa kumpa amiri mmoja nguvu za kuwapindua.

Hapo ndipo ninapowalaumu. Walimkataa mfalme, kisha viti vya mabaraza ya miji wakagawana familia chache, na fundi na baharia wakabaki nje. Siku ya hatari ilipofika, hao wa nje wangeitetea jamhuri ya nani?

Mwanafalsafa Spinoza, aliyekuwa akiishi The Hague mauaji yalipotokea, aliliona hilo. Katika kitabu chake cha siasa, Tractatus Politicus, alikataa madai kwamba Uholanzi iliangushwa na mijadala mirefu. Kwake kosa lilikuwa muundo mbovu na uchache wa watawala. Alikuwa ndiyo kwanza ameanza sura ya demokrasia katika kitabu hicho alipofariki mwaka 1677, na hata katika kurasa hizo chache, wanawake na watumishi alikuwa ameshawafungia mlango.