Tunatibiwa Bure Leeds, Tunahubiri Soko Huria Tanga

Ukiwa kwenye kundi lolote la WhatsApp la Watanzania wa Uingereza, huyu bwana unamjua. Kila Jumapili asubuhi lazima atume mawaidha: "Vijana wa nyumbani acheni kuilalamikia serikali. Hakuna cha bure duniani. Pambana." Mkewe amejifungulia watoto wote hospitali ya umma na hakuna aliyemwomba hata senti. Watoto wanasoma shule ya serikali isiyo na ada, na wale wa madarasa ya chini wanakula mchana hapohapo shuleni bila kulipa. Yeye mwenyewe ana likizo yenye malipo. Na anayepelekewa mawaidha hayo ni mpwa wake aliyeko Tanga, kijana mwenye stashahada ya ualimu na bodaboda ya mkataba, asiye na ajira wala bima.

Mimi ni mtu wa mrengo wa kushoto na sifichi. Kwenye kundi wananiita Komredi, wengine kwa dhihaka, wengine wameshazoea tu. Ninabishana sana, mke wangu anasema kupita kiasi. Lakini katika mabishano yote hayo, kinachoniudhi kuliko matusi ni huu unafiki wetu wa ughaibuni. Tunaishi ndani ya mambo yaliyopatikana kwa kodi na migomo, halafu tukishika simu tunawahubiria ndugu zetu kwamba maisha ni juhudi ya mtu binafsi.

Jibu ninalopewa siku zote ni kwamba Wazungu wana hela. Sawa, wanazo. Lakini NHS, huduma ya afya ya umma ya Uingereza, ilianza tarehe 5 Julai 1948, na Uingereza ya mwaka huo ilikuwa imetoka vitani inadaiwa kila kona. Mkate wenyewe ulikuwa wa kugawiwa kwa kadi tangu 1946, na kadi hizo ziliondolewa mwezi huohuo wa Julai 1948. Aneurin Bevan, waziri aliyeisimamia, alikuwa mtoto wa mchimba makaa ya mawe na mwenyewe aliingia mgodini angali kijana mdogo. Chama cha madaktari kilimpinga kwa nguvu zote. Hakuna aliyesubiri nchi itajirike kwanza.

Na hapa Mwingereza wa kushoto naye huwa namkera, kwa sababu simwachii asimulie hadithi hii nusu. Serikali ileile ya Labour iliyowapa wafanyakazi wa Leeds hospitali ndiyo iliyokuwa ikitawala Tanganyika. Wakati wa vita mkonge wa Tanga ulinunuliwa na serikali ya Uingereza kwa bei iliyopangwa London. Mwaka 1947 walituletea mradi wa karanga Kongwa, Urambo na Nachingwea, kisa kwao mafuta ya kula yalikuwa haba. Ukafa mwanzoni mwa 1951 baada ya kuteketeza pauni milioni 36 hivi, na ardhi ya watu imepinduliwa kwa matrekta. Mwaka huohuo wa 1947, Januari, Mombasa ilisimama kwa mgomo mkuu. Septemba wakagoma makuli wa bandari ya Dar es Salaam. Mwaka uliofuata ikawa zamu ya Zanzibar. Kwa hiyo mtu akiniambia vyama vya wafanyakazi ni mambo ya Kizungu tuliyoyaokota huku, namuuliza babu yake alikuwa anafanya kazi gani.

Upande wa pili wa mabishano yangu ni wazee, na hao siwachukulii kirahisi. Shangazi yangu mmoja hataki hata kusikia neno ujamaa. Amesimama foleni ya sabuni. Amekula unga wa yanga, ule wa mahindi ya njano, na hakuupenda. Kijijini kwao waliondolewa kwenye mashamba yao na kupangwa mistari wakati wa Operesheni Vijiji, na nyumba aliyozaliwa aliiona ikibaki nyuma bila paa. Ukimwambia habari za Azimio la Arusha anakwambia, "Mwanangu, wewe umelisoma, mimi nimelishindia njaa." Nitambishia nini mtu kama huyo?

Ninachomwambia, kwa heshima zote, ni hiki. Mwaka 1964, baada ya maasi ya askari wa Januari, serikali yetu ilivunja shirikisho la vyama huru vya wafanyakazi, TFL, na viongozi wake kadhaa wakawekwa kizuizini. Badala yake ikaundwa NUTA, chama kimoja chini ya serikali, katibu mkuu wake akiteuliwa na rais. Azimio lilikuja 1967, miaka mitatu baadaye. Yaani tulianza kujenga nchi ya wafanyakazi na wakulima tukiwa tumeshamnyang'anya mfanyakazi chombo chake. Mwongozo wa TANU wa 1971 ulipowaambia wafanyakazi kwamba kiongozi haruhusiwi kuwa na majivuno wala uonevu, wao waliuamini, wakaanza kugoma na kuwafungia nje mameneja. Mwaka 1973, kwenye kiwanda cha mpira cha Mount Carmel jijini Dar, waliingia wakakiendesha wenyewe. Mwishowe jibu la dola ya kijamaa kwa wimbi hilo likawa polisi.

Kwa hiyo shangazi ana haki ya kukasirika, ila mimi nadhani anamkasirikia mtu siye. Kilichomshindisha njaa ni mambo mengi, ukame, mafuta ya 1973, vita vya Kagera, urasimu wa mashirika, na juu ya yote hakuna aliyekuwa na nguvu ya kumwambia bwana shamba au meneja "hapana" akabaki salama. Hapa Leeds nimeona wauguzi wakisimama getini na mabango Desemba 2022, kwenye mgomo wa kwanza wa kitaifa wa chama chao kilichoanzishwa 1916, wakiipinga serikali ya nchi yao kwenye hospitali ya serikali. Walipomaliza zamu ya mabango walirudi kazini. Hakuna aliyeitwa mhujumu uchumi. Mali ya umma, na mtumishi anaruhusiwa kumgomea mwenye mamlaka juu yake: sisi tulichukua la kwanza tukaliacha la pili, kisha mwaka 1991, kwa Azimio la Zanzibar la CCM, tukaliacha na la kwanza, viongozi wakaruhusiwa hisa na nyumba za kupangisha. Shangazi husikiliza mpaka hapo, kisha ananiuliza nitatuma lini hela ya mbolea.

Hela ya mbolea ndiyo inayonifikisha kwenye hesabu ninazopenda kuwatolea wale jamaa wa "pambana". Slipu yangu ya mshahara inanionyesha: juu ya pauni 12,570 za kwanza kwa mwaka, wanakata asilimia 20, na bima ya taifa nayo wanakata asilimia 8. Ndiyo kodi yangu ya huku. Halafu ipo kodi yangu ya kule, isiyo na slipu. Mjomba anasafishwa figo, na figo husafishwa mara tatu kwa wiki. Kila mwezi kundi la familia linafunguliwa orodha ya michango, jina kwa jina, na asiyetoa anaandikwa vilevile. Hiyo ni bima ya afya! Ni bima mbovu tu, inayolipwa na watu kumi na mbili badala ya milioni sitini na kitu, na inakufa siku wawili kati yao wakifukuzwa kazi. Bunge lilipitisha sheria ya bima ya afya kwa wote mwaka 2023. Mtu anayebeba maboksi usiku kucha ili alipie figo ya mjomba, kisha anaamka kutuandikia kwamba huduma za jamii zinazalisha uvivu, mimi huwa simuelewi.

Kuna jambo jingine linalotutenganisha na wa nyumbani, na hili naona sisi wa kushoto tunalikosea zaidi hata ya wale wa kulia. Mimi nabishana kwa jina langu na picha yangu. Nikimwita waziri mkuu wa Uingereza kibaraka wa matajiri, kesho naenda kazini. Mpwa wangu mimi, naye wa bodaboda huko nyumbani, anatumia jina la bandia na picha ya mchezaji wa Yanga. Kwake kuna Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, kulikuwa na kanuni za maudhui ya mtandaoni za 2018 zilizotaka hata mwenye blogu akate leseni kwa mamilioni ya shilingi, na Mei 2025 mtandao wa X ulifungwa, ukawa hauingiliki bila VPN. Tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya uchaguzi, intaneti ilizimwa nchi nzima kwa siku kadhaa. Maandamano yalizuka, watu wakauawa, na sisi huku tulikuwa tunapiga simu zisizopokelewa, tukihesabu nani amepatikana.

Wiki chache kabla ya hapo, ndani ya makundi yetu, palikuwa na wanaume wazima walioko Birmingham na Houston wakiwaagiza vijana wa Mbezi waingie barabarani. "Msiwe waoga." Nililisema wakati ule na nalisema tena: mtu ambaye bomu la machozi halimfikii hana cheo cha kugawa ushujaa. Kupeleka habari, kuchanga fedha za wakili, kumsumbua mbunge wa huku, hayo yako ndani ya uwezo wetu. Kuamrisha maandamano ya watoto wa wenzetu hakumo. Niliitwa chawa, yaani msifia serikali, kwa maneno hayo, mimi ambaye upande wa pili wananiita nyumbu, yaani mfuata upinzani.

Na msidhani huku mtandao ni salama kwa kila mtu. Julai 29, 2024, wasichana watatu wadogo waliuawa Southport. Kabla ya jioni ulishaenea uongo kwamba muuaji ni mkimbizi aliyeingia kwa boti, wakati alikuwa amezaliwa Cardiff. Siku sita baadaye umati ulijaribu kuchoma moto hoteli ya waomba hifadhi karibu na Rotherham, si mbali na hapa, watu wakiwa ndani. Wiki ile wenzangu wa kazini weusi walipangiana magari ili asiwepo wa kusimama kituo cha basi peke yake usiku. Sasa sikilizeni: siku zilezile, Mtanzania mwenye pasipoti nyekundu ya zamani alikuwa anatusambazia video za "wahamiaji haramu wanaokula kodi zetu". Machi 2024 serikali ilipowakataza wanaokuja kwa viza ya kulea wazee kuleta wenza na watoto, alishangilia. Yeye mwenyewe alimleta mkewe zamani, milango ilipokuwa wazi. Nilimuuliza anadhani wale vijana wa Rotherham wangemwomba pasipoti kwanza. Hajanijibu mpaka leo, ila mawaidha ya Jumapili hayajakatika.

Nakiri kwamba Wakenya wametuzidi katika sanaa hii ya kubishana. Muswada wa Fedha wa 2024 waliuchambua kifungu kwa kifungu mtandaoni, wakautafsiri kwa lugha zao, mtu aliyeko Eldoret akajua kwamba mkate utatozwa VAT ya asilimia 16 na gari lake asilimia 2.5 kwa mwaka. Hakuna aliyejitambulisha kuwa wa kushoto wala wa kulia. Waliuliza nani analipa na nani anasamehewa, swali ambalo mimi nimekuwa nikilihubiri miaka yote bila kusikilizwa. Tarehe 25 Juni waliingia bungeni, wengine wakapigwa risasi, na kesho yake rais akatangaza kwamba hautii saini. Kulekule Nairobi ndiko walikokaa vijana waliolipwa ujira mdogo kuchuja picha za mauaji na ubakaji kwa niaba ya Facebook ili mimi na wewe tubishane bila kuziona. Zaidi ya 180 walikwenda mahakamani mwaka 2023, na Mei Mosi ya mwaka huo wenzao wakapiga kura kuanzisha chama cha wafanyakazi wa kazi hiyo kutoka kampuni mbalimbali. Wale waliosafisha uchafu wa mabishano yetu walijua wanahitaji chama. Sisi tunaobishana bado tunaambizana kila mtu apambane na hali yake.

Siku hizi nikiona mtu ameweka picha ya mtoto wake kazaliwa hospitali ya huku, na maneno "Ulaya raha", chini yake naweka slipu yangu, jina na namba nimefuta, na mstari wa makato nimeuzungushia wino mwekundu. Wengine wameniondoa kwenye makundi yao. Mpwa wangu hakuniondoa. Aliniuliza: "Mjomba, sawa, nikikatwa na mimi hivyo, hiyo hela anaisimamia nani? Si kila mwaka ripoti ya CAG, mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali, inatoka, tunasoma, tunacheka, basi?" Tangu hapo tunabishana hilo tu. Yeye anasema asianzishiwe kodi mpya kabla mwizi mmoja wa ripoti iliyopita hajafungwa. Mimi namwambia mwizi hafungwi mpaka walipaji wawe na chama, na kwamba waendesha bodaboda wa kijiwe chake ni wengi kuliko madiwani wa wilaya nzima. Jana amenijibu kwa sauti ya dakika nne. Mwenyekiti wao wa kijiwe, anasema, ndiye wa kwanza wa kukaguliwa.