Bonoko ikipigwa marufuku, mfuko wa nani utapekuliwa?

Nina bonoko, yaani bastola ya bandia, chini ya kitanda, ndani ya boksi la viatu. Ilikuwa nyeusi hadi juzi juzi, nitafika huko. Magazini yake inachomoka, na ukiishika uzito wake unakunyamazisha kidogo. Inatema vidonge vya plastiki vya milimita 6, vyeupe kama tembe za dawa. Ng'ambo mchezo wake unaitwa easofti. Ulianzia Japani miaka ya 1970, nchi ambayo raia wa kawaida hamiliki bastola ya kweli, na wapenzi wa silaha wakaamua kujitengenezea za mfano. Mimi si mchezaji. Ninapiga video fupi za kuigiza, na majambazi wangu walikuwa wamechoka kushika bastola za maji za rangi ya kijani.

Nilikaa nayo wiki tatu kabla haijakaribia kutuua.

Ilikuwa Jumamosi, Kayole, kwenye ngazi za ploti ya ghorofa nne. Tulikuwa watu watano na kamera moja, mpwa wangu akiigiza mwizi. Mwenye ploti tulikuwa tumemwambia. Majirani hatukuwaambia, na huo ndio ujinga wetu. Mama mmoja aliyekuwa akianika nguo juu alichungulia, akaona kijana amejibanza konani na bastola imeelekea kifua cha mtu. Hakuuliza. Alipiga nduru. Kabla sijajua niseme nini, geti lilikuwa limejaa vijana wa bodaboda, mmoja na kipande cha nondo mkononi.

Anayeijua Nairobi anajua kilichokuwa kinafuata. Hapa tairi kuukuu haliwi mbali. Tuliokolewa na mzee wa nyumba kumi, aliyepita katikati yao polepole kana kwamba anaenda dukani. "Kijana, weka hicho kitu chini, kisha ukalie mikono yako." Mpwa wangu akaketi. Mzee akaiokota, akaipima kiganjani, akachungulia mtutu, kisha akanigeukia.

"Wewe ndiye mkubwa wao?"

"Ndiyo, mzee."

"Huna haya."

Ikabidi nijipige kidonge kiganjani mbele ya umati ili waamini. Kiliuma kuliko nilivyotarajia. Watu wakacheka, yule wa nondo akacheka pia, na mimi nikacheka huku magoti yakinitetemeka.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikisoma sheria za watu kuhusu bunduki hizi, na nimefika mahali ambapo marafiki zangu wa video hawatanipenda: nakubali ziwekewe vizuizi. Ila vizuizi vyenyewe viwekwe wapi, hapo ndipo ninapotofautiana na wanaopiga kelele kwamba mtu yeyote atakayepatikana nayo afungwe.

Tuanze na nyumbani. Sheria yetu ya Silaha, Sura ya 114, inaitambua silaha ya bandia: kitu chochote chenye sura ya bunduki, kiwe kinaweza kutoa risasi au hakiwezi. Kifungu cha 34 kinamlenga anayekitumia kwa nia ya kutenda uhalifu, au anayekamatwa nacho katika makosa fulani. Mti uliochongwa vizuri na kupakwa kiwi unatosha. Hilo ni sawa kabisa. Konda aliyeelekezewa kitu cheusi usiku pale Baba Dogo hana nafasi ya kuuliza kama kinafyatuka, na hofu yake si ya bandia. Kwa hiyo anayesema Kenya haina sheria ya kumshika mwizi wa bastola feki hajasoma. Kinacholalamikiwa hasa ni kwamba vitu vyenyewe viko wazi, kila mtu anajinunulia.

Uingereza walilipitia hili. Sheria yao ya mwaka 2006 ya kupunguza uhalifu wa kutumia nguvu, ambayo sehemu yake hii ilianza kufanya kazi Oktoba 2007, ilizuia kutengeneza, kuingiza nchini na kuuza bunduki za mfano zinazofanana mno na za kweli. Ukitaka kuuza, iwe ya rangi inayopiga kelele: nyekundu, chungwa, njano, waridi, buluu ya kung'aa, au iwe ya plastiki unayoona ndani yake. Majumba ya makumbusho, tamthilia, filamu na wachezaji wa easofti waliojipanga wakapewa mlango wao. Lakini angalia walichoacha. Kuwa nayo tu nyumbani, kabatini kwako, hawakukufanya kuwa kosa. Ukitembea nayo barabarani bila sababu ya maana, hapo utajieleza.

Marekani walichagua njia ya mkato. Tangu mwisho wa miaka ya 1980 sheria yao ya taifa inataka mdomo wa bunduki ya kuchezea uwe na alama ya rangi ya chungwa. Alama ndogo, mbele kabisa. Novemba 2014, kule Cleveland, mtoto wa miaka 12 aitwaye Tamir Rice alikuwa akichezea bastola ya easofti kwenye bustani ya umma. Ile alama ilikuwa imeng'olewa. Mtu aliyepiga simu polisi alisema kwamba huenda ni ya bandia na huenda huyo ni mtoto. Maneno hayo hayakuwafikia maafisa waliotumwa. Gari lao lilipofika, sekunde mbili hazikupita kabla hajapigwa risasi. Alifariki siku iliyofuata.

Kwa hiyo mtu akiniambia dawa ni kupaka ncha rangi, namwambia ncha huondolewa kwa kisu cha jikoni. Hata isipoondolewa, mama wa Kayole aliyekuwa juu ya ploti aliona kisogo cha bastola, si mdomo wake. Rangi iwe mwili mzima au isiwepo.

Sasa nije kwenye neno lenyewe. Bonoko, kwa ambao hawakukulia huku, ni jina la mtaani la bastola ya bandia. Ile ya kweli tunaiita mguu wa kuku. Neno hili lilisambaa nchi nzima kwa mdomo wa kijana chokoraa wa Ngara, aliyewasimulia wanahabari kwamba polisi walimpiga risasi mtu asiye na hatia kisha wakamwekea bonoko. Maneno yake yaligeuzwa muziki, tukayacheza, na yeye mwenyewe akaishia kuwa mtangazaji wa redio kwa jina hilohilo. Tulicheka sana. Nikiyasikia siku hizi sicheki, kwa sababu katika miji mingine bastola ya bandia ni kitu ambacho mtu hununua. Hapa kwetu ni kitu ambacho mtu huweza kuwekewa.

Uliza kijana yeyote wa Mathare au Dandora. Hofu yake ya bonoko ni kwamba itaokotwa kando ya mwili wake, na jioni taarifa iseme alikuwa mshukiwa sugu.

Basi fikiria sheria inayosema: ukipatikana nayo tu, bila nia, bila tendo, jela. Leo angalau lazima ionyeshwe ulitaka kufanya nini, au ulikuwa unatenda kosa gani. Ondoa hilo, na afisa anayetaka kukunyonya pesa Ijumaa usiku hahitaji tena hata msokoto wa bangi. Anahitaji kipande cha plastiki cha mia tatu. Sisemi maafisa wote wako hivyo. Nasema sheria huandikwa ikimfikiria afisa mbaya, maana yule mzuri hakusumbui hata bila sheria.

Ndiyo maana nataka kizuizi kikae bandarini na dukani. Kontena likifunguliwa Mombasa, bunduki za kuchezea nyeusi zenye sura ya kweli zirudi zilikotoka. Za waridi zipite. Anayeuza nyeusi Nyamakima atozwe faini ya kumuuma. Wapiga filamu tupewe njia ya kuzikodi kwa mtu mwenye leseni, ambaye anaziandika kila zinapotoka na kila zinaporudi, na kituo cha polisi cha mtaa kinajulishwa kabla kamera haijawashwa. Nitanung'unika kuhusu gharama, bila shaka. Nilinung'unika kuhusu kila kitu hadi siku ya nondo.

Najua jibu la wengi: wezi watachonga za mti. Watachonga, na kifungu cha 34 kitawangoja. Mtoto wa Eastleigh anayenunuliwa bunduki siku ya Idd hachongi. Huyo anacheza na kilichopo dukani, na vidonge vyake vinaingia machoni mwa wenzake. Majirani zetu Somalia waliwahi kupiga marufuku bunduki za kuchezea kwa sababu ya majeraha ya namna hiyo baada ya Idd. Mimi singefika huko. Utoto bila bunduki ya maji ni utoto mkavu.

Kuhusu yangu, nimeipaka rangi ya chungwa, makopo mawili ya kupulizia, hadi ndani ya kishikio. Mpwa wangu anasema sasa inafanana na karoti. Tunapiga vichekesho badala ya ujambazi, na ajabu ni kwamba watazamaji wameongezeka.

Wiki jana nilirudi Kayole kumwona yule mzee, safari hii kabla ya kazi. Nikamweleza tutakuwa wangapi, saa ngapi, ngazi zipi, na nikamwomba awaambie akina mama wa juu.

"Ni ile ile?"

"Ni ile ile, mzee, lakini nimeipaka rangi."

Akafikiri. "Ilete kwanza niione. Na uilete mchana."