Kanklės ya Jukwaani Nayo Ina Haki Yake

Jumba la makumbusho ya ala za jadi lililoanzishwa na Povilas Stulga mwaka 1983 mjini Kaunas, Lithuania, haliwezi kukwepa mjadala wa kanklės, ala ya nyuzi inayopigwa kwa vidole. Wapenzi wa jadi huithamini ile ya kale, iliyochongwa katika gogo moja, yenye nyuzi chache. Ile kubwa ya jukwaani, yenye nyuzi 29 hivi na vishikio vya chuma vya kubadilisha sauti, wengine huiona kuwa zao la Usovieti tu.

Hoja yao ina uzito. Mtunzi wa muziki Jonas Švedas na wenzake walipoziboresha ala hizi katika miaka ya 1940, utawala ulipenda vikundi vikubwa vya jukwaani. Kila eneo la Lithuania lilikuwa na kanklės yake: ya Aukštaitija haikufanana na ya Suvalkija, na tofauti hizo zilififia.

Lakini mwaka 1906 tunauweka wapi? Mwaka huo, kijijini Skriaudžiai, Pranas Puskunigis aliunda kikundi cha wapiga kanklės. Usovieti ulikuwa haujazaliwa. Aliyetawala ni mfalme wa Urusi, na ilikuwa imepita miaka miwili tu tangu kuondolewa marufuku ya kuchapa Kilithuania kwa herufi za Kilatini. Marufuku hiyo ilidumu miaka 40! Mtoto aliyezaliwa ilipoanza alikuwa mtu mzima mwenye watoto ilipokwisha, na vitabu vya lugha yake vilikuwa vikivushwa mpakani kwa siri. Watu waliopitia hayo wakitaka kukaa pamoja hadharani na kupiga ala yao, nani awalaumu? Sauti ya kanklės ya kale ni ya chini, ya mtu anayejipigia nyumbani. Wengi wakipiga pamoja, lazima ala zilinganishwe, na ukumbini lazima zisikike. Haja hiyo ilitoka kijijini, Moscow iliikuta.

Tena, wanafunzi wa shule za muziki nchini humo hujifunza hasa kwa hii ya jukwaani. Ukiiita ya bandia, unawaambia kwamba wanachokipiga si chao.

Kwa hiyo ningeziweka zote mbili katika kabati moja, na kwenye kibao cha maelezo ningeandika 1904 na 1906 kabla ya kumtaja Švedas.