Ukitaka kupunguza bili za nyumba usianze na mshahara wa dada wa kazi

Januari mnaijua wenyewe. Ada, sare, madaftari, na kwetu kodi ya miezi sita nayo inaangukia hapohapo, kwahiyo kufika tarehe 10 nyumba yetu hapa Tabata ilikuwa imekauka kabisa na nikamwambia mke wangu leo hatulali mpaka tumepitia matumizi yote. Kalamu nikashika mimi. Na kitu cha kwanza kilichonitoka mdomoni, hata daftari halijafunguliwa vizuri, nikasema dada wa kazi tumpunguzie, badala ya laki iwe elfu 80, watoto maziwa wanywe siku za shule tu, na mama yangu kijijini nimtumie mwezi mmoja niruke mmoja.

Mke wangu hakugomba. Alinyamaza kidogo halafu akasema, "Baba watoto, hao wote uliowataja hamna hata mmoja aliyekaa hapa. Andika kwanza vyako."

Yale maneno yalinichoma na bado yapo. Maana nimekuja kuangalia kwa marafiki zangu na ndugu zangu nikaona ni mtindo wetu karibu wote, nyumba ikibanwa tunakata kwa yule asiyeweza kubisha. Dada, mtoto, bibi kijijini. Yani tunaita kubana matumizi wakati pale hata hela yenyewe haipo. Nikimkata dada elfu 20 naokoa elfu 20, halafu akiondoka natafuta mwingine, nauli ya kumleta kutoka mkoani, wiki mbili mke wangu anaomba ruhusa kazini, mtoto mdogo analia na mgeni. Na tukumbuke dada ni mfanyakazi, yupo kisheria, Amri ya Mshahara ya 2022 iliyoanza kutumika Januari 2023 ilimtaja kabisa yule anayelala ndani na kumwekea wakati ule kima cha chini cha Sh60,000, na mi naona hata hiyo ilikuwa ndogo kwa mtu anayeamka saa kumi na moja alfajiri na kulala wa mwisho.

Basi nikaandika vyangu. Bodaboda toka stendi mpaka nyumbani 1,500, kwenda na kurudi 3,000, siku 26 ni elfu 78. Bando nilikuwa nanunua la siku, leo elfu moja kesho elfu mbili, nikapitia meseji za mwezi mzima moja moja nikapata elfu 45. Kifurushi cha king'amuzi kile cha juu kwa ajili ya mpira elfu 60. Na mkopo wa kwenye simu, ule unaochukua elfu 30 leo unarudisha na makato wiki ijayo halafu unachukua tena, makato peke yake elfu 31. Jumla laki mbili na elfu 14. Nimekaa pale naangalia hiyo namba, mshahara wa dada mara mbili na chenji, na mimi ndo nilikuwa nataka kuanza na yeye.

Kifurushi nikashusha siku ileile, mechi kubwa naenda kuangalia kibanda umiza na jirani kwa hela kidogo tu. Bando nikahamia la mwezi. Bodaboda asubuhi natembea, jioni kama nimechelewa au mvua napanda. Mkopo wa simu ndo ulikuwa mgumu kuliko vyote, coz ukishaingia kila mwezi unaanza na pengo la mwezi uliopita, ilinichukua mpaka mwezi wa tatu kutoka na nilitoka kwa sababu ile hela ya kifurushi yote niliielekeza huko. Wale wa kausha damu, wakopeshaji wa mtaani wa riba kubwa, sitaki hata kuwaongelea, nimeona mama wa mtaani kwetu amebebewa friji na makochi watoto wakiangalia.

Sasa luku, yani ile mita ya umeme wa kulipia kabla. Hapa nataka tukae kidogo maana watu wengi wanalalamika umeme unakula bila kujua unaliwa na nini. Kwa bei tuliyonayo sisi watumiaji wa kawaida uniti moja na kodi zake inafika kama Sh356, ndo maana ukiweka elfu 10 unapata uniti 28 na pointi. Waliopo kwenye kundi la matumizi madogo, wasiozidi uniti 75 kwa mwezi, uniti yao ni kama Sh122. Ona hiyo tofauti. Zamani tukiwa Mbagala tulikuwa wapangaji wanne luku moja, kila chumba labda uniti 40, taa, tivii, pasi, basi. Lakini luku haijui kama mpo familia nne, inaona uniti 160 za mtu mmoja, kwahiyo wote tulilipia bei ya juu. Kina sisi wa chumba kimoja ndo tulikuwa tunanunua umeme kwa bei ya mwenye jumba na ac zake. Hili jambo linaniuma mpaka leo na naona wenye nyumba na shirika la umeme wangekaa walitafutie njia, chumba kiwe na luku yake.

Halafu ile 1,500 inayokatwa ukinunua umeme wa kwanza wa mwezi ni kodi ya jengo. Ilianza kukatwa kwenye luku Agosti 2021 ikiwa elfu moja, 2023 ikapanda, na ghorofa ni 7,500 kwa kila sakafu. Ni kodi ya mwenye jengo, sio ya mpangaji, kwa mwaka ni elfu 18. Mi nimeweka meseji zote za luku na nimemwambia mwenye nyumba kwa heshima tu kwamba mzee, hii tuitoe kwenye kodi ya pango, hajakataa wala hajakubali, amesema tutaongea Julai.

Tulikuwa tunatumia kama elfu 60 ya umeme kwa mwezi. Hesabu yake ni nyepesi, kitu cha wati 1,000 kikiwaka saa moja kimekula uniti moja. Hita ile ya kuchovya kwenye ndoo ina wati 1,500, dakika 40 imemaliza uniti, na sisi kwa baridi lile la asubuhi ndoo mbili tatu kila siku, hapo tu unaongelea elfu 10 na zaidi kwa mwezi kwa ajili ya maji ya kuoga Dar es Salaam. Friji nalo, la mtumba, nikaweka karatasi mlangoni nikafunga, nikavuta, ikatoka kama imewekwa kwenye siagi. Mpira umechoka, baridi inatoka usiku kucha na mota haipumziki.

Maji ilikuwa bili ya elfu 38 mwezi mmoja na tulishaanza kumlaumu msoma mita. Fundi bomba mmoja mzee akaniambia fungeni bomba zote halafu kaangalie mita. Tukafunga kila kitu, nikainama pale nje na tochi ya simu, kale kagurudumu kadogo kekundu kanazunguka taratibu, hakasimami. Ni choo. Boya la tenki lilikuwa halifungi vizuri, maji yanateremka mchana na usiku bila hata sauti. Boya jipya na ufundi elfu 12, bili iliyofuata elfu 21. Nenda kaangalie mita yako leo usiku watu wakishalala, nakuomba.

Ila kitu kilichobadilisha hii nyumba ni kwamba Jumapili iliyofuata mke wangu alimwita dada akae na sisi mezani. Mwanzoni alikaa ukingoni mwa kiti, mikono kwenye kanga, nadhani alijua anafukuzwa. Mke wangu akamwambia mdogo wangu, tunapitia matumizi, wewe ndo unashinda humu ndani, tuambie unaona nini.

Yule binti alitupa vitu ambavyo mimi na digrii yangu nisingeviona. Akasema pasi anaiwasha kila asubuhi kwa mashati mawili na sketi moja, ikipata moto tu kazi imeisha, akipiga zote Jumapili jioni itawaka mara moja kwa wiki. Akasema gesi inaisha haraka kwa sababu ya maharage na makongoro, mtungi wa kilo 15 hautimizi wiki tano, na kule alikofanya kazi mwanzo walikuwa na presha kuka ya umeme. Akasema mafuta ya kupimiwa dukani kwa Mangi, ya mia tano mia tano, kwa wiki anayachukua mara sita na kipimo hakijai, na kwamba sukari hivyohivyo, robo robo. Akasema pia, kwa sauti ya chini, watoto mkate wanaacha nusu kwa sababu wanakunywa soda kwanza.

Hiyo presha kuka tulinunua mwezi wa tatu, hela ya vikoba, kile kikundi cha akiba cha mke wangu. Siku ya kwanza tulisimama wote kwenye luku kama tunaangalia mechi, nikasoma 241.6, maharage nusu kilo yakaiva, nikasoma tena 241.2. Pointi nne za uniti, kama Sh142. Kwa mkaa hapa kwetu maharage hayohayo hayajaiva bado elfu moja imeshaisha. Serikali ilipozindua mkakati wa nishati safi ya kupikia Mei 2024, kwamba ifikapo 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati safi, mi nilidhani ni maneno ya mkutanoni, lakini kwenye jiko langu nimeona kwa macho. Shida ni ile hela ya kuanzia. Mtu ananunua mkaa wa kopo sio kwa kuupenda, ni kwa sababu elfu mbili anayo leo na laki hajawahi kuishika ikakaa. Ndo maana nasema kinachokatwa kwanza kiwe kile kinachokupa fungu, kifurushi, makato ya mkopo, halafu lile fungu likanunue mafuta dumu la lita 5 na sukari ya mwezi. Mchele sisi na majirani wawili tunachukua gunia tunagawana.

Michango nayo ni bili tusidanganyane. Mwezi wa pili nilikuwa kwenye magrupu manne ya WhatsApp ya harusi na send-off, kote nimeahidi elfu 50. Msiba siachi na mgonjwa siachi, hapo sina mjadala. Lakini harusi saivi natoa ninachoweza hapohapo, elfu 20, siandiki ahadi. Kuna ndugu mmoja alinuna. Nimemwelewa na naamini ataelewa.

Mpaka mwezi wa tano luku imeshuka imekuwa elfu 41, gesi imefika wiki ya nane, maziwa watoto wanakunywa kila siku na soda imebaki ya wageni. Mama sijaruka mwezi hata mmoja. Dada tumemwongezea elfu 10, sio zawadi, ile akili ya pasi na mafuta imetuletea zaidi ya hapo.

Kikao bado tunacho, Jumapili ya kwanza ya mwezi baada ya chakula. Cha juzi alianza yeye kabla hata sijafungua daftari: ameshaongea na fundi friji wa pale njia panda, mpira mpya na kuubadilisha elfu 25, amempunguza ikawa 18, na anakuja Jumamosi saa tatu.