Kivuli cha mpagazi kwenye ukuta wa Boma

Mwaka 2018 msanii wa Afrika Kusini, William Kentridge, alionyesha jijini London kazi ya jukwaani iitwayo The Head & the Load, inayowahusu Waafrika waliobebeshwa mizigo ya majeshi katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Filamu, michoro na vivuli virefu vya waigizaji vilipita ukutani huku muziki ukipigwa papo hapo. Naamini Iringa inastahili kazi ya namna hiyo, kwa kuwa vita hivyo vilifika hapa: Waingereza waliuteka mji huu Agosti 1916, nasi tunayo makaburi ya askari wao.

Wapagazi hawakupata makaburi ya aina hiyo. Waingereza pekee walitumia wapagazi wapatao milioni moja katika Afrika Mashariki, na maradhi yaliua wengi kuliko risasi. Mwaka 2021 tume inayotunza makaburi hayo ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa.

Kwa hiyo sikubaliani na desturi ya kumwita fundi wa picha na sauti siku chache kabla ya onyesho ili aje kupamba jukwaa, kwani yeye ndiye anayeamua nani amulikwe na kwa namna gani. Picha nyingi za wapagazi zilipigwa na watu waliowatumikisha. Kuzikuza tu kwa projekta ni kuwadhalilisha tena, safari hii mbele ya wajukuu wao. Mbunifu makini atamsimamisha mwigizaji mbele ya mwanga ili kivuli chake kiifunike picha hiyo, na sauti ya mzee anayesimulia kwa Kihehe au Kibena (sioni sababu ya kumtafsiria kila neno) itatangulia kusikika.

Ukuta tunao: Boma lililojengwa na Wajerumani, ambalo tangu 2016 ni makumbusho. Projekta, spika na jenereta hukodishwa. Kinachohitaji haraka ni kuwarekodi wajukuu wa wapagazi, ambao sasa ni wazee, na vikundi vya sanaa vya Iringa, Njombe na Mbeya vinaweza kuianza kazi hiyo, kwa ridhaa ya familia, kabla ya kuandika hata mstari mmoja wa mchezo.