Serikali yenye mabavu si lazima iwe serikali yenye uwezo

Mjadala wa maendeleo ukipamba moto, hakosekani wa kusema kwamba nchi maskini haihitaji uchaguzi, inahitaji mkono wa chuma. Ushahidi wake karibu kila mara ni Korea Kusini. Jenerali Park Chung-hee alitwaa madaraka kwa mapinduzi ya kijeshi mwaka 1961, wakati pato la mwananchi halifiki dola 100 kwa mwaka. Alipouawa mwaka 1979, lilikuwa limevuka dola 1,500. Upande wa pili humjibu kwa kumtaja Mobutu, aliyetawala Zaire tangu 1965 hadi 1997 kwa mkono wa chuma uleule na kuiacha nchi hoi. Kila upande una mtu wake, na ubishi unaishia hapo.

Nadhani pande zote mbili zinapima kisichopaswa kupimwa. Zinapima ukali wa mtawala, kana kwamba ukali na uwezo ni kitu kimoja.

Wapenzi wa mkono wa chuma wana hoja ya kweli, na ni vizuri waisikie ikisemwa na asiye wao. Serikali dhaifu ni janga. Katika karne za 17 na 18, bunge la Poland lilikuwa na kanuni iliyomwezesha mbunge mmoja kuvunja kikao kizima kwa kusema tu kwamba hakubali. Ilitumika hivyo mara ya kwanza mwaka 1652. Mfalme Augustus wa Tatu alitawala miaka 30, na katika muda wote huo ni bunge moja tu, la mwaka 1736, lililomaliza kazi yake na kupitisha sheria. Kodi haikutosha, jeshi lilikuwa dogo, na mataifa jirani yalijua kwamba ili kukwamisha jambo hapakuwa na haja ya kuhonga bunge zima, alitosha mmoja. Urusi, Prussia na Austria ziliigawana nchi hiyo mwaka 1772, 1793 na 1795, hadi ikafutika kwenye ramani kwa miaka 123. Na huo uhuru uliokuwa ukisifiwa ulikuwa wa makabaila peke yao. Mkulima alibaki amefungwa kwenye shamba la bwana wake.

Lakini Ufaransa ya enzi hizohizo inavuruga hesabu. Mfalme wake aliweza kumtupa mtu gerezani kwa barua moja yenye muhuri, bila kesi. Mfalme wa Uingereza hakuwa na ubavu huo, na tangu Sheria ya Haki ya 1689 hakuruhusiwa hata kutoza kodi bila idhini ya Bunge. Ukiulizwa ni serikali ipi kati ya hizo mbili iliyokuwa na nguvu, utataja ya Ufaransa. Ajabu ni kwamba katika karne ya 18 Mwingereza alikuwa akilipa kodi kubwa kuliko Mfaransa, na serikali yake ikikopa kwa riba nafuu.

Hakuna muujiza hapo. Waliokuwa wakiikopesha serikali ya London, hasa baada ya Benki ya Uingereza kuanzishwa mwaka 1694, walijua kwamba deni limedhaminiwa na Bunge, na bungeni walikaa watu wa tabaka lao. (Asidhani mtu kwamba hiyo ilikuwa demokrasia, wengi hawakuwa na kura.) Mfalme wa Ufaransa alikuwa na historia ya kukana madeni akibanwa, kwa hiyo alitozwa riba ya mtu asiyeaminika. Makabaila na makasisi wake, wenye mali nyingi kuliko wote, walikuwa wamesamehewa kodi kuu ya moja kwa moja, naye hakuthubutu kuwagusa. Hazina ilipokauka, Louis wa 16 alilazimika mwaka 1789 kuita baraza la matabaka matatu, ambalo halikuwa limeitwa tangu 1614. Baraza hilo ndilo lililofungua mlango wa mapinduzi. Mtawala aliyeweza kumfunga yeyote alishindwa kuwatoza kodi matajiri wake.

Tukirudi Korea Kusini, swali linakuwa jingine: si Park alikuwa mkali kiasi gani, bali ukali wake ulifungwa na nini. Serikali yake ilizitwaa benki na kuzifanya kiboko na zawadi kwa wafanyabiashara. Kampuni iliyofikia lengo la kuuza nje ilipata mkopo nafuu, iliyoshindwa ilinyimwa, na Park mwenyewe alikuwa akiongoza vikao vya kila mwezi vya kukagua mauzo hayo. Mwaka 1964 mauzo ya nje yalifika dola milioni 100. Mwaka 1977 yakafika bilioni 10. Kipimo hicho kina sifa ambayo mashabiki wa Park hawaitaji: hakipikiki. Shati likishonwa ovyo, mnunuzi wa Marekani analikataa, na hakuna mkuu wa mkoa wa Korea anayeweza kumtisha alipokee. Jenerali ambaye raia wake hawakuweza kumwambia ukweli aliambiwa na wateja. Tena kaskazini yake palikuwa na adui aliyemnyima usingizi. Huyo adui, Korea Kaskazini, alikuwa na mkono wa chuma mzito zaidi. Kama chuma peke yake ndiyo siri, Pyongyang ingekuwa mbele ya Seoul.

Linganisha na China ya 1958. Serikali ilitaka mavuno makubwa, na viongozi wa wilaya, wakijua kinachompata anayeleta habari mbaya, wakapika takwimu. Mavuno ya nafaka ya mwaka huo yalitangazwa kuwa tani milioni 375. Ukweli ulikuja kuonekana kuwa takribani milioni 200. Tatizo ni kwamba serikali ilichukua nafaka vijijini kwa kufuata hesabu za kubuni. Mwaka 1959, watu wakiwa wameanza kufa kwa njaa, China iliuza nje zaidi ya tani milioni 4 za nafaka. Julai mwaka huo Waziri wa Ulinzi, Peng Dehuai, alimwandikia Mao barua kueleza mambo yanavyokwenda kombo. Alivuliwa wadhifa, na baada ya hapo nani tena angeandika? Makadirio ya waliokufa hadi 1962 yanaanzia milioni 15 na kufika milioni 45. Serikali ya wakati huo haikukosa nguvu hata kidogo. Ilifika hadi kwenye sufuria ya mkulima. Kilichokosekana ni njia ya habari kurudi juu.

Haki itendeke, ufiko huohuo wa serikali ndio uliopeleka chanjo na shule vijijini, na kufikia 1978 China ilikuwa imeitangulia India kwa afya na elimu ya msingi. India, yenye magazeti huru na uchaguzi, haikupata njaa ya kiwango kile baada ya uhuru wake wa 1947, lakini iliishi na utapiamlo na kutojua kusoma kwa miongo mingi bila mtu kuanguka madarakani kwa sababu hiyo. Gazeti hupiga kelele watu wakifa kwa wingi. Mtoto anayedumaa taratibu si habari ya ukurasa wa mbele.

Kuna pia bei ambayo takwimu za mauzo ya Korea haziionyeshi. Sheria ya kazi ilikuwapo tangu 1953, ila kwenye karatasi tu. Novemba 1970, Jeon Tae-il, mshona nguo wa miaka 22, alijichoma moto mjini Seoul akidai sheria hiyo itekelezwe. Serikali iliyojua idadi ya mashati yaliyopanda meli haikutaka kujua saa za aliyeyashona.

Park akiondolewa kwenye simulizi, hivi kingebaki nini? Kingi kuliko tunavyoambiwa. Mgawanyo wa ardhi ulifanywa kuanzia 1950, na watoto wengi mno walikuwa shule za msingi kabla ya 1961. Baada ya maandamano ya 1987 Wakorea walianza tena kumchagua rais wenyewe kwa kura ya moja kwa moja, na uchumi uliendelea kukua kwa kasi kwa miaka kumi. Mtetezi wa Park atasema walirithi viwanda vyake, na ni kweli. Lakini naye alirithi ardhi iliyokwisha kugawanywa na vijana waliokwisha kusoma, na urithi huo haukutoka kwenye mapinduzi ya kijeshi.