Mita 60 ni mbali mno kwa upinde

Makala inasema mwenye shabaha anaweza kumpiga swala kwa mshale akiwa mita 60. Sikubaliani kabisa. Mshale unaokwenda mita 50 kwa sekunde unamaliza mita 20 kwa sekunde 0.4, na mita 60 kwa sekunde 1.2. Mlio wa ugwe, yaani kamba ya upinde, unamfikia swala kwanza, naye akishtuka anajikunja chini ili aruke. Ulilenga mapafu, unamchana mgongo, anakwenda kuteseka porini. Na upepo wetu wa Dodoma je?

Jipime umbali wako wa mwisho hivi: mishale 5 yote iingie kwenye sahani ya sentimita 15, ukiwa umechuchumaa na pumzi zinakupanda. Mmoja ukitoka nje, rudi karibu. Kwa mnyama punguza tena robo ya umbali huo. Akikuelekea kifua, usiachie. Subiri ageuke ubavu.